Maparachichi ya Mjane

Kila Jumatano saa mbili asubuhi Mkaguzi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa koti jeupe na kofia ya wavu, akavuta stuli mpaka kwenye meza ya chuma katika ghala la kufungashia matunda. Alikuwa na lenzi, kisu kifupi na rundo la fomu. Katika kila shehena alichukua maparachichi kumi, akayageuza kutafuta mayai ya wadudu, akapasua mawili kutazama kokwa, akasoma daftari la mkulima kuona dawa ilipulizwa lini na kama siku za kusubiri zilitimia kabla ya kuvuna. Mwisho aliliweka tunda moja sikioni.

Tunda lilimwambia yaliyopita shambani. Lilisema kwa sauti ya mwenye shamba, kwa kuwa sauti nyingine halikuwa nayo. Ya mzee mmoja wa mlimani yalikuwa na kikohozi. Ya ndugu wawili waliogombana yalikatizana maneno. Ofisi kuu ililijua jambo hilo na haikuwa na pingamizi, mradi majibu yalingane na ya maabara, na siku zote yalilingana.

Mwanamke aliyekaa mwisho wa meza akibandika lebo alikuwa mkewe. Wenzake walimwita Bi Lebo. Kila lebo ilikuwa na namba ya shamba na tarehe, ili mtu akiumwa tumbo ng'ambo ya bahari ijulikane ni mti wa nani.

Nyumbani Mkaguzi hakuwa mtu wa maneno. Alikula, akashukuru, akafungua gazeti. Mwezi ule jino lilimvimbisha Bi Lebo shavu kwa siku sita, na siku ya saba mumewe alimwuliza kikata kucha kiko wapi. Lakini mtu huyo huyo angekueleza kwamba mti wa tatu kutoka langoni kwa fulani ulipogolewa kwa panga butu, na kwamba uliumia.

Hayo Bi Lebo aliyavumilia. Asiloweza kuvumilia ni mjane wa bondeni.

Mjane huyo alikuwa na miti sitini na daftari safi, na mzigo wake haukuwahi kukataliwa hata mara moja. Kwa wakulima wengine Mkaguzi aliweka tunda sikioni dakika moja. Kwa mjane, robo saa. Siku moja alitabasamu. Wiki iliyofuata alicheka mpaka magego yakaonekana, na Bi Lebo hakuwa ameyaona magego hayo tangu siku ya harusi.

"Yanasema nini, ya yule mjane?" alimwuliza jioni.

"Ya shamba."

"Kwa sauti gani?"

"Ya mwenyewe. Ulitaka yaseme kwa sauti ya nani?"

Kesho yake, wenzake walipokwenda kunywa chai, alichukua parachichi moja la mjane akalibana sikioni. Lilikuwa baridi. Alisikia damu yake mwenyewe ikipiga, basi. Akalibandika lebo, akalirudisha.

Akaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa kibarazani anapukuchua mbaazi.

"Mama, mwanao ana mwanamke."

"Wa wapi?"

"Yumo kwenye kreti."

Mama mkwe alipukuchua maganda mawili zaidi. "Hata baba yake alikuwa hivyo, na viazi," alisema. "Vumilia, mwanangu. Mume anayesikiliza tunda angalau unajua alipo."

Bi Lebo alikuwa tayari kuvumilia mpaka Jumanne moja mjane alipoleta kreti zake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kisogoni, viatu vina tope. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake.

"Hongera kwa kazi, dada," akamwambia Bi Lebo. "Na mumeo mtu mwema. Tangu marehemu aniache sina wa kuongea naye, basi naongea na miti. Kumbe kuna mtu huku anasikiliza."

"Haya," alijibu Bi Lebo.

Saa saba wenzake walikwenda kula. Bi Lebo alichukua chupa ya dawa ya mende iliyokaa nyuma ya mlango wa choo, akazinyunyizia kreti tatu za mjane taratibu, kama mtu anayemwagilia maua. Akangoja zikauke. Akarudisha chupa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama kanuni zilizobandikwa ukutani zilivyotaka.

Jumatano Mkaguzi aliweka tunda la kwanza sikioni na hakutabasamu. Akachukua la pili. Akayasikiliza yote kumi. Kisha akatazama mwisho wa meza, akatia sampuli kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri. Majibu ya maabara yalirudi Jumatatu: dawa ilizidi kikomo mara kumi na tisa. Mkaguzi akaandika, Shehena imekataliwa, akatia sahihi.

Jioni hiyo Bi Lebo ndiye aliyeanza. "Yalisema nini?"

Mkaguzi alikunja gazeti. "Yalisema ni nani."

"Na wewe umeandika?"

"Fomu ina nafasi ya aina ya dawa, kiwango na namba ya shamba. Ya ni nani, haina."

Akaenda kuosha kikombe chake. Bi Lebo alibaki ameketi. Kilichomchoma si kwamba mumewe amejua. Ni kwamba jina lake, ambalo mumewe hakulitamka mwaka mzima, alilisikia mara kumi kwa sauti ya mjane.

Namba ya shamba la mjane ilifutwa kwa misimu miwili. Mjane alikuja na daftari lake, akalifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya meneja wa ghala.

"Mimi sina ugomvi nawe, mama," alisema meneja. "Ni karatasi."

Kanuni ilitaka matunda yaliyokataliwa yafukiwe mbele ya shahidi. Shahidi alitia sahihi kwamba yamefukiwa, na dereva akayapeleka sokoni. Njia nzima yalisema yaliyoyapata, sasa kwa sauti ya kusikika na kila mtu, dereva akaongeza sauti ya redio. Sokoni yalipangwa mafungu, yakaendelea kusema. Watu waliyabonyeza kwa kidole gumba, wakayaona makubwa na hayana kovu, wakanunua.

Ijumaa mchana mama mkwe alikuja na kikapu kutoka sokoni. Alipasua parachichi moja mezani, akagawa vipande kwenye sahani tatu. Kabla hajashika chumvi, nusu iliyobaki na kokwa ikasema, kwa ile sauti ya kusalimia kila mtu kwa zamu yake: "Sisi tulinyunyiziwa dawa Jumanne saa saba, na mwanamke wa lebo. Bibi, usitule."

"Yana maneno," alisema mama mkwe, "lakini laini kama siagi." Akanyunyiza chumvi, akala.

Bi Lebo alimtazama mumewe. Mkaguzi alikuwa amenyanyua kijiko.

"Usile!" Bi Lebo alisema. "Si wewe uliyeyakataa?"

"Kikomo kile ni cha kule yanakokwenda," alijibu Mkaguzi. "Cha hapa hakijaandikwa." Hata hivyo aliweka kijiko chini.

Bi Lebo alizoa sahani zote akamwaga vilivyomo shimoni nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa amekwisha kula nusu nzima. Alitapika na kuharisha siku tatu, akiwa amelala kwenye chumba cha wageni, macho yameingia ndani. Bi Lebo alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Mama mkwe alizilaumu mbaazi.

Mgonjwa alipoweza kuketi, Bi Lebo alikwenda kwa meneja akafunga mlango nyuma yake.

"Dawa ile nilinyunyiza mimi."

"Tunajua," alisema meneja. "Kreti tatu zilikaa stoo siku tano zinakutaja. Nani hakusikia, ila wewe?"

"Basi mrudishie mama wa watu namba yake."

"Ukishafuta namba, mfumo haurudi nyuma. Halafu nafasi yake kwenye kontena imeshajazwa. Ipo ya shemeji yangu." Akamtazama Bi Lebo bila ubaya wowote. "Rudi kwenye lebo, mama. Mzigo wa leo mkubwa."

Maparachichi ya shemeji wa meneja hayakusema kitu. Mkaguzi aliweka moja sikioni, akangoja, akalibadilisha la pili, akangoja. Ukimya si kosa katika fomu. Akagonga muhuri.

Jumapili Bi Lebo alishuka bondeni kwa miguu. Alijisemea maneno ya kuomba radhi njia nzima, na alipofika langoni hakuyasikia tena, kwa kelele. Miti yote ilikuwa inazungumza. Mmoja ulieleza juu ya mvua ya juzi, mwingine ulimcheka jirani, wa tatu ulimwuliza mjane kama amekula. Mjane alikuwa amepiga magoti chini ya mti mkubwa, msumeno mrefu wa mikono miwili umekwama kwenye gome. Nyuma yake miti saba ilikwisha kukatwa, imelala chini.

"Dada," Bi Lebo alisema, "mimi ndiye..."

"Najua. Wameniambia wa sokoni." Mjane alifuta jasho kwa mkono wa gauni. "Nitapanda mahindi. Mahindi hayana mkaguzi. Shika upande ule, peke yangu unapinda."

Bi Lebo alipiga magoti upande wa pili, akashika mpini. Juu yao mti ulikuwa unasimulia jinsi marehemu alivyoanguka kisimani na kofia mpya, na ulisimulia vizuri, kwa kituo mahali pake. Bi Lebo alifikiri nyumba yake haikupata maneno mengi namna hiyo tangu ijengwe. Hata pale, msumeno mkononi, kijicho kilimpanda mpaka machozi yakamlenga: mwanamke huyu aliyefutiwa namba, asiye na mume, asiye na mnunuzi, alikuwa bado na watu sitini wa kumwuliza amekula nini.

Hamsini na watatu.

"Ngoja umalize kwanza," Bi Lebo alisema. "Alitokaje kisimani?"

"Haumalizi huo," alisema mjane. "Nimeungoja tangu asubuhi. Vuta, dada."

Bi Lebo akavuta.