Lydiah Akataa Cheo

Kudra alikuwa na miezi minne tu katika wodi ya wagonjwa wa moyo, kwenye hospitali moja ya Fort Worth, Marekani, siku meneja alipowakusanya wauguzi asubuhi na kutangaza msimamizi mpya wa zamu. Ni Lydiah, Mkenya aliyekuwa na miaka mitatu pale.

Watu wakapiga makofi. Kudra naye akapiga, kisha akamwona Latrice, Mmarekani mweusi mwenye miaka kumi na mmoja wodini, ametazama viatu vyake. Latrice ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili, yeye na Lydiah.

"Nashukuru," Lydiah akasema, "lakini nafasi hii ilitangazwa lini? Mimi sikuomba."

Meneja akatabasamu. "Ninyi mliotoka Afrika ni wachapakazi, wapole, hamna malalamiko. Wengine hapa..." Hakumalizia.

Kudra, naye mtoka Afrika, akaona aibu. Sifa kama hiyo alishapewa mara mbili, na mara zote alijibu ahsante.

"Upole wangu ulikuwa woga wa kupoteza kibali cha kazi," Lydiah akasema, sauti yake haikupanda. "Latrice alilalamika tulipopewa wagonjwa wanane kila mmoja. Alitusemea sote. Tangazeni nafasi, anayetaka aombe. Kwa namna hii siichukui."

Mchana, kwenye maegesho ya magari, Kudra alimkimbilia Lydiah. "Dada, hukuogopa?"

"Niliogopa, aki ya Mungu. Lakini leo wakinitumia kumkanyaga Latrice, kesho watakutumia wewe kunikanyaga mimi."

Kudra aliketi ndani ya gari lake akaiandikia ofisi ya utumishi maneno yote aliyoyasikia, akatia jina lake. Wenzake wanne wakafuata. Meneja alimkomoa Lydiah kwa kumpangia kazi kila wikiendi kwa miezi miwili, lakini Lydiah hakunung'unika. Mwishowe nafasi ikatangazwa, watatu wakafanyiwa usaili, Latrice akaipata.

Siku ya kwanza ya usimamizi wake, Latrice alimwita Lydiah kando ya kabati la dawa, Kudra akiwa hapo hapo anahesabu vidonge.

"Ulichofanya sitakisahau," Latrice akasema. "Ila siku nyingine niulize kwanza kabla hujalitaja jina langu mbele ya watu. Kama mambo yangeharibika, ningeumia mimi."

Kudra alitarajia Lydiah angejitetea.

"Ni kweli," Lydiah akasema. "Sikufikiria hilo. Nisamehe."

Kudra akapoteza hesabu ya vidonge, akaanza upya. Ule ujasiri wa kikaoni alikuwa ameustaajabia. Huu wa sasa aliuona mkubwa zaidi.