Mama kwenye Shamba la Kahawa la Kosta Rika

Safari ile niliishinda mwenyewe. Kampuni ya utalii ninayofanyia kazi hapa mjini Arusha ilitupa mtihani wa mtandaoni kuhusu nchi za Amerika ya Kati, nikaongoza, nikapewa siku nane za mapumziko Kosta Rika kwa watu wawili. Ningekwenda na mume wangu, Frederick, lakini wiki mbili kabla ya safari tukagundua pasipoti yake imekwisha muda. Nikamchukua mama.

Mama yangu, Penina, ana miaka sitini na sita na analima kahawa na migomba mteremkoni Meru. Pasipoti alikuwa nayo tangu kwaya ya usharika ilipoalikwa Ujerumani.

"Huko kuna nini?" aliniuliza.

"Utamaduni, mazingira na lugha. Ndivyo ratiba inavyosema."

Tulibadili ndege mara tatu. Siku ya kwanza tukapelekwa darasa la Kihispania. Mwalimu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimwomba mama aseme "buenos días", yaani habari za asubuhi.

"Mwambie anisalimie kwanza," mama alisema.

Ikabidi nimfundishe mwalimu kusema shikamoo. Alipoipatia, mama akaitikia marahaba kwa furaha, na muda wa darasa ukawa umekwisha. Mimi sikuwa nimejifunza hata neno moja.

Siku ya pili gari lilitupandisha mlimani. Mama alichungulia dirishani akaona migomba, kisha kahawa, kisha migomba tena, na mbele yetu mlima wenye wingu kileleni. Akanigeukia taratibu.

"Violet. Nimekaa kwenye ndege siku nzima na usiku kucha ili nije kuonyeshwa nyumbani kwangu?"

Nilitamani kushuka nitembee. Tulipofika shambani, mwongozaji wetu, Esteban, alitukusanya na watalii wengine, akachuma punje moja nyekundu, akaeleza kwa Kiingereza kwamba hii imeiva na ile ya kijani bado.

"Anasemaje?"

"Anasema kahawa ikiwa nyekundu imeiva."

"Mwambie nimechuma kahawa kabla mama yake hajazaliwa."

"Mama yangu anashukuru," nilimwambia Esteban.

Tulipofika mstari wa nne mama akasimama. Aligeuza jani, akanionyesha madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini. "Ugonjwa wa kutu," alisema, kwa sauti iliyosikika kote. "Na mbona mistari ile wameikata yote hadi visiki? Nani kafanya hivi? Mwite mwenye shamba."

Nilimsihi tuendelee. Baada ya kahawa tulipangiwa kupanda farasi hadi kwenye maporomoko ya maji, na hilo ndilo nililolisubiri tangu Arusha. Mama hakusogea. Watalii walianza kutazama saa zao. Esteban akaenda kumwita bosi wake, naye akaja mwanamke mmoja mfupi wa rika la mama, Rosaura, amevaa buti za mpira na ana kisu cha kupogolea mkononi.

Farasi waliondoka bila sisi. Kwa saa tatu mama alisema kwa Kiswahili, mimi nikamwambia Esteban kwa Kiingereza, yeye akamwambia Rosaura kwa Kihispania, na jibu likarudi njia ile ile. Na kila baada ya dakika chache nilikwama.

"Mwulize, kwenye kisiki anaacha maotea mangapi."

"Maotea ndiyo nini, mama?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Machipukizi yanayotoka kwenye shina! Nilipokuwa nakufundisha ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nasoma Kiingereza, nilitaka kumjibu, kwa hela ya hiyo hiyo kahawa, na wewe ndiye uliyenifukuza shambani nikasome. Badala yake nilimwonyesha Esteban machipukizi kwa kidole. Rosaura akainua vidole viwili. Mama akatikisa kichwa, akainua vitatu. Wakaanza kubishana kwa vidole, kila mmoja kwa lugha yake, na mimi nikakaa chini kwenye majani makavu kwa sababu hawakunihitaji tena.

Kesho yake mama alirudi kwa Rosaura kuona jinsi kahawa iliyokatwa hadi visiki inavyochipua upya. Mimi nikapanda volkano peke yangu, nikakuta ukungu mtupu.

Tuliporudi, mama alikata mistari miwili hadi visiki, majirani wakadhani amechanganyikiwa. Miezi michache baadaye, visiki vilipochipua, akanipigia simu nyumbani kwangu Sekei: kila Jumamosi niende, kuna kazi. Nikamwambia nimechoka, nina mume, nina kazi mjini.

"Njoo na mume wako," alisema, akakata simu.

Jumamosi nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vikaingia tope hadi kwenye soksi. Mama alisimama mbele ya kisiki, akaniuliza otea lipi nilikate na lipi nilibakize. Nikamwambia sijui.

"Basi inama uangalie," alisema.

Nikainama, nimekasirika, nikaangalia.