Jini la Shimo la Tatu

Jael alikuwa jikoni kwa Bi Hafswa, mwajiri wake, kule Kizingo, Mombasa, akiopoa mahamri karaini, aliposikia sauti ya mwanawe. Lennox alikuwa Taita, mlimani. Lakini sauti ilitoka sebuleni, na watu walikuwa wakicheka.

Akachukua sinia akaenda. Sami na Areej, watoto wa Bi Hafswa, walikuwa wamerudi jana kutoka matembezini huko Taita, na sasa walikuwa wakimwonyesha mama yao video kwenye simu. Lennox amevaa kofia ngumu ya manjano, amesimama mbele ya mlango wa shimo uliozibwa kwa saruji.

"Hili ni Shimo la Tatu," alikuwa akiwaambia wageni. "Wachimba vito walilikimbia wenyewe. Humu mna jini. Ukitulia utamsikia akigonga."

Wageni wakatulia. Mmoja akagonga ukuta kwa siri, wakaangua kicheko.

Jael aliweka sinia mezani taratibu, akarudi jikoni. Nyuma ya saruji ile alikuwamo Oloo, mumewe, aliyetoka huko ziwani kufuata vito, akaoa mlimani na kufukiwa mlimani, yeye na wenzake. Walisikiwa wakigonga, kisha hawakusikiwa tena. Mwenye machimbo akaziba mlango, akaenda zake. Vijana waliobaki bila kazi ndio walioanza kutembeza watu mashimoni.

Alitoka uani akampigia Lennox.

"Babako amekuwa jini tangu lini?"

"Tulianza kwa kusema kweli, mama. Wageni wakalia, wakaenda kututangaza kwamba tunauza maiti. Mlima ukawa mtupu. Tukakaa kikao, wazee kwa vijana, tukakubaliana."

"Na huko kugonga?"

"Si wewe uliyenisimulia?"

Jael alisogea mbali na dirisha la jikoni.

"Wewe ulishuka Mombasa," Lennox akasema kwa upole. "Sikulaumu. Mimi niliachiwa shimo, na shimo ndilo ninalokula."

Jael akakata simu.

Alipoingia alimkuta Bi Hafswa amesimama karibu na jiko.

"Dada Jael, nyinyi asili yenu ni huko Taita, sivyo? Wifi yangu ataka kuwapeleka wanawe. Wangu wamerudi wazima, lakini mimi mashimo siyaamini. Ni salama?"

Jael alimtazama. Alikuwa mtu mwema, Bi Hafswa. Lau angeambiwa, angelia naye papo hapo, kisha wifi asingekwenda, wala jirani wa wifi, na habari zingeenea mji mzima.

"Ni salama, Bi Hafswa. Kijana anayewaongoza namjua."

"Na huyo jini wao?"

"Hamdhuru mtu," Jael akasema. "Ameshazoea wageni."

Bi Hafswa alicheka, akaenda kumpigia wifi yake.