Sigara za Kumjulia Hali Dhanrup

Watu wa kijiji chetu wana adabu nyingi, na adabu hiyo inanimalizia mume. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na Dhanrup wangu, tangu ujana wake wa kubeba mizigo milimani, alijulikana kwa jambo moja: kiko chake hakizimiki. Basi kila anayekuja kumjulia hali anamletea tumbaku. Mapafu yameharibiwa na tumbaku, na tumbaku ndiyo wanayoleta. Nikisema neno, naambiwa mimi mke mchoyo.

Kukataa hawezi. Huku kwetu Bajhang mtu unayevuta naye kiko kimoja ni ndugu yako. Ukimkatalia tumbaku umemkana mbele ya watu, yeye na ukoo wake. Dhanrup ni afadhali afe kuliko kumkana mtu. Na anakufa kweli, nisiwafiche.

Kinachompa nafuu ni maziwa. Jioni nachemsha majani machache ya bangi ndani ya maziwa ya nyati, anakunywa, kifua kinalegea, anasinzia hivyo hivyo akiwa ameketi. Bangi yenyewe inajiotea nyuma ya zizi. Mbegu zake tunasagia chatini ya kulia chakula, nyuzi zake tunasokota kamba. Wala siisifii. Mdogo wangu aliivuta tangu utotoni mpaka akaanza kugombana na kuta, na hadi leo hajakaa sawa. Daktari wa wilayani nilimweleza habari ya maziwa. Akatazama dirishani, akasema, "Moshi wa aina yoyote usimpe. Hayo ya maziwa mimi sikuyasikia."

Jana mchana akaja Tekendra, polisi, mtoto wa marehemu rafiki yake Dhanrup, aliyebeba naye mizigo. Panga mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimetumwa kufyeka bangi, kijiji kizima."

"Fyeka. Niachie shina moja tu, la baba yako mdogo. Bila hilo hapati usingizi."

"Wanataka picha, mama mdogo. Ya kabla na ya baada. Likionekana hata moja, kazi sina."

"Si usimame mbele yake upigwe picha? Mwili unao."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Utanifukuzisha wewe."

"Haya niambie, Teke. Jani lipi limemfikisha pale alipo, hili ulilojia na panga, au lile linalouzwa dukani?"

"La dukani linalipiwa kodi. Sheria sikuitunga mimi, mama mdogo. Mimi nimepewa panga tu."

Nilimwomba tena. Nilimshika mkono, mimi mtu mzima, nikamwomba kama mtoto. Akautoa mkono wake taratibu, akaingia nyuma ya zizi. Alifyeka yote, na yale machache yaliyojibanza kwenye mahindi akayaona pia, maana amekulia humu humu na anajua wapi pa kutazama. Mimi nilikaa kwenye ukuta wa mawe. Hata hasira sikuwa nayo, ilikuwa imeniishia siku nyingi.

Alipomaliza alinawa mikono, akavua viatu, akaingia kumwamkia mgonjwa. Akainama kugusa miguu yake kama inavyotakiwa, kisha akatoa mfukoni pakiti ya sigara. Ile pakiti ina picha ya mapafu yaliyooza. Alipoiweka kitandani aligeuza picha chini, kwa heshima.

Dhanrup akaipokea kwa mikono miwili. "Umekuwa baba yako mtupu," akamwambia. Wakavuta pamoja. Mume wangu akakohoa mpaka midomo ikawa ya buluu, na Tekendra akampigapiga mgongoni huku naye machozi yakimlengalenga.

Nilimsindikiza hadi njiani.

"Uliyoyafyeka ni usingizi wake," nikamwambia. "Leo atakesha anatafuta pumzi."

Akainamisha kichwa. "Pole, mama mdogo. Ila pakiti nimemwachia yote, asikose cha kujiliwaza. Wiki ijayo nitamletea nyingine."

Alikuwa anasema kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mtu mbaya ningemtukana. Huyu nilimshukuru, nikarudi ndani.

Dhanrup alikuwa ameshika sigara ya pili, haijawashwa.

"Usimlaumu mtoto," akasema, pumzi zikikatika. "Maziwa ya leo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Akaigeuza ile sigara vidoleni. "Basi niletee kiberiti, mke wangu."

Ningeweza kumnyima. Lakini alikuwa amebaki na nini kingine? Nikamwashia kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikapanda kitandani nyuma yake, mgongo kwa mgongo, apate pa kuegemea, nikawa nakisikia kile kikohozi kinapita mwilini mwangu.