Binti wa Kwenye Mchezo wa Redio

Jina lake halisi lilikuwa kwenye madaftari ya shule tu. Nyumbani aliitwa Hakika, kwa sababu tangu alipoanza kusema hapakuwa na jambo aliloambiwa asilirudishie swali: "Una hakika?" Ukimwambia chakula kiko tayari, una hakika? Ukimwambia mvua inakuja, una hakika? Mjomba wake ndiye aliyempachika jina hilo, likaganda.

Mjomba huyo alikuwa mwandishi wa michezo ya redio. Jumamosi moja asubuhi, Hakika akiwa na miaka kumi na mitano, alikuja akasimama mlangoni na bunda la karatasi kwapani.

"Vaa viatu, mpwa wangu," akasema. "Leo unakwenda kujisikia."

Hakika alijichunguza kidogo. "Najisikia vizuri," akajibu.

Mjomba akacheka mpaka karatasi zikataka kumponyoka. Mama, aliyekuwa akifunga vifungo vya blauzi, ndiye aliyefafanua. "Mjomba wako ameandika mchezo. Ndani yake kuna binti. Yule binti ni wewe."

"Mimi niko hapa."

"Ni wewe kwa mfano tu, mwanangu."

Hilo lilimkaa Hakika kichwani njia nzima. Kitu ama kipo ama hakipo. Sasa kuwa wewe kwa mfano ndiyo kukoje? Alitaka kuuliza, lakini mama na mjomba walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja, na Hakika hakujua mtu anaingilia wapi kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Wengine hujua. Yeye alikuwa kama anayerukishwa kamba na watoto wenye mbio: kila akitaka kuingia, kamba imeshapita.

Studio ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo kinene. Kimoja kilikuwa na vipaza sauti, na kuta zake zilivikwa sponji yenye vinundu. Kingine kilikuwa na meza ya vitufe, makochi mawili, na fundi sauti, mtu mnene mpole aliyevaa vidude vya masikio shingoni kama shada. Chini ya meza yake palikuwa na kreti la takataka: viatu visivyo na wenzake, bawaba, mnyororo, sufuria, funguo za milango isiyojulikana. Hakika alipapenda pale studio mara moja. Maneno yalitoka mdomoni yakafia pale pale, bila kurudi kukupiga kisogo.

Mwigizaji aliyepewa nafasi ya binti alikuwa mwanamke mzima, ila akitaka aliweza kutoa sauti ya mtoto wa miaka minane. Alimshika Hakika mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo Hakika hakulipenda, akamwinamia.

"Nisaidie, mdogo wangu. Ndani ya kichwa chako kukoje?"

Hakika alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijawahi kukaa kwenye kingine," akasema.

Mwigizaji akatoa kalamu akaandika. Hakika alimtazama akiandika, asielewe ni nini cha kuandikwa hapo.

Wakaanza kurekodi. Hakika na mama yake waliketi kwenye kochi upande wa fundi, wakasikiliza kwa spika. Mjomba alikuwa msimulizi. Alisimulia kwamba mama mmoja alimpeleka binti yake hospitali kubwa, korido zimejaa watu, mama amemshika mkono. "Kufumba na kufumbua," mjomba akasema kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo nyumbani, "mtoto hayupo!" Hapo mwigizaji akaanza kulia: "Mama! Mamaaa!" Fundi akavaa viatu viwili mikononi, akavigonga kwenye ubao, kando ya kipaza sauti cha mezani kwake, mbio mbio, na kweli ikawa kama mtoto anakimbia. Mama alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Anakwenda wapi?" Hakika aliuliza.

"Anamtafuta mama yake," mama akanong'ona. "Ni siku ile ulipopotea hospitalini."

"Mimi sikupotea."

"Hakika. Si sasa."

"Si sasa nini?"

Fundi alisimamisha mitambo, akageuka. Nyuma ya kioo, mjomba na mwigizaji waliinua vichwa. Hakika aliona wote wanamtazama, na alijua kwamba watu wakikutazama hivyo wanataka uendelee, au wanataka unyamaze. Ni moja kati ya hayo mawili, na hujawahi kuambiwa lipi. Akaamua kuendelea.

"Nilikaa uliponiweka. Ghorofa ya tatu, kiti cha tatu kutoka dirishani, cha bluu, kimepasuka ubavuni. Ulisema, 'Nisubiri hapa, narudi sasa hivi.' Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika tano. Ulirudi saa tano na robo. Ni dakika sabini. Sikuinuka hata kwenda msalani."

Mjomba alifungua mlango wa kioo akaja. "Lakini dada," akasema, "si uliniambia alikuponyoka mkononi?"

Mama alikuwa ameufumba mdomo. Kidevu chake kilitetemeka. Hakika alikiangalia kile kidevu, kisha akaangalia juu ya mlango, kwenye kiyoyozi. "Fundi, zima hicho," akasema. "Mama anasikia baridi."

Fundi akainuka, akakizima. Kidevu kikaendelea kutetemeka.

"Daktari ndiyo kwanza alikuwa amenipa majibu ya mtoto," mama akaanza, akiwa ameinamia kitambaa chake. "Usonji, akasema. Nilikuwa sijapata kulisikia neno hilo. Alinieleza vizuri tu, kwa heshima zote, lakini mimi nilikuwa namwona midomo inacheza, sauti siisikii. Nikatoka, nikamkalisha mtoto, nikasema nishuke ninywe maji. Nikajikuta nje, nimekaa kwenye ukingo wa barabara kama niliyemwagwa. Mabasi yanapita. Nikawaza nipande mojawapo niende zangu."

"Dada!"

"Niache nimalize, kaka. Nisipomaliza leo simalizi tena. Yakapita manne. La tano likasimama, kondakta akaniuliza, 'Unapanda, mama?' Nikasema hapana. Nikarudi mbio, nikapanda ngazi za upande mwingine, nikaishia ghorofa ya pili nikidhani ni ya tatu. Korido zile ni pacha na pacha. Nakuta viti vitupu. Nikapiga mayowe hospitali nzima ikasimama. Muuguzi ndiye aliyemkuta juu, kakaa vile vile, mikono mapajani." Akapenga kamasi. "Watu wakaniuliza, alipotea? Nikasema ndiyo, alipotea. Miaka saba nasema hivyo hivyo. Mpaka mwenyewe nikaanza kuamini."

Hakika alikuwa na jambo moja lililomsumbua kuliko yote.

"Kwa hiyo 'sasa hivi' si dakika sabini?"

Ikabidi aeleze. Tangu siku ile alijua kipimo cha sasa hivi. Mwalimu wa darasa alipomtuma ofisini na Hakika akajibu "nakuja sasa hivi," alikaa nje kwenye ngazi mpaka dakika sabini zikatimia, ndipo akarudi darasani, na akaadhibiwa. Mara tatu. Alijua anafanya sawasawa, na hakupata kuelewa mwalimu amekasirikia nini.

Mama alitoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko. Ile nusu nyingine Hakika hakuijua ni ya nini.

"Una hasira na mimi, mwanangu?"

Hakika alijitafuta. Tumboni palikuwa na njaa kidogo. Shingoni lebo ya blauzi ilimwasha. Mahali pengine hakukuta kitu, au palikuwa na kitu lakini hakijapewa jina. "Ulikuwa umechoka?" akauliza.

"Nilikuwa nimechoka, mama yangu. Nilichoka mpaka kwenye mifupa."

"Basi ulipumzika," Hakika akasema.

Mama akaangua kilio hasa. Hakika aliyapitia tena maneno yake mawili, moja baada ya jingine, kutafuta kosa liko wapi. Hakuliona. Kuchoka, kupumzika. Mbona ndivyo watu wote hufanya?

Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, karatasi zimelala magotini. "Basi mchezo umekufa," akasema taratibu.

"Haujafa," mama akasema. "Uandike ilivyokuwa. Yule mama mweke pale barabarani, mabasi yapite."

"Watu watasema, dada."

"Wana midomo, waseme. Mimi nimechoka kumsingizia mtoto."

Mjomba akatoa kalamu, akaanza kufuta. Alifuta kurasa nzima. Yule mama wa barabarani alimjia haraka, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa kando yake akimrekebisha: si hivyo, nilikaa hivi. Taabu ilikuja kwa binti. Binti amekaa kwenye kiti. Halii, hakimbii, hasemi. Sasa redioni atakuwaje?

"Redioni kimya ni hitilafu," fundi akasema. "Kikizidi sekunde kumi, watu wanagonga redio zao wakidhani betri zimekwisha."

Mwigizaji alimgeukia Hakika. Safari hii hakumshika mkono. "Dakika zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Uliogopa?"

"Sijui."

"Ulimfikiria mama?"

"Nilifikiri anarudi sasa hivi." Hakika akatafuta kitu kingine cha kumpa, maana alimwona anangoja. "Makalio yaliniuma."

Mwigizaji alikuna kichwa kwa kalamu. "Haya. Ulisikia nini?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza tangu asubuhi ambalo Hakika alikuwa na jibu lake, akalitoa lote. Kulikuwa na bomba lisilofungwa vizuri, tone, tone, tone. Kulikuwa na msafishaji mwenye ndala mbili, moja imekatika kamba, kwa hiyo hatua yake moja ilipiga na nyingine iliburuzika. Kulikuwa na kitoroli chenye gurudumu linalolia likianza kwenda na kunyamaza likishapata mwendo. Mtu alikohoa nyuma ya mlango, mara mbili mbili, hakupata kukohoa mara tatu. Funguo za muuguzi. Na kisigino chake mwenyewe, Hakika, kikigonga mguu wa kiti, mara moja kwa kila tone.

Fundi alikuwa ameshalivuta kreti lake. Macho yalimng'aa kama mtu aliyealikwa karamuni. "Gurudumu," akasema. "Lilie vipi?" Akachezesha bawaba moja.

"Hapana. Hilo linalalamika. Lile lilikuwa linauliza."

Fundi akajaribu nyingine, akaifuta mafuta kwa shati lake, akaisukuma polepole. "Hivi?"

"Lifupishe mwishoni."

"Hivi?"

"Ndiyo."

Walifanya kazi mpaka saa nane mchana. Kisigino kiliwashinda wote. Mwigizaji aligonga kama mtu anayebisha hodi, fundi akagonga kama anayepigilia msumari. Mwisho walimkalisha Hakika mwenyewe kwenye kiti mbele ya kipaza sauti, fundi akadondosha maji kwenye sufuria, naye akagonga. Mwigizaji alisimama kando yake akipumua tu, kama alivyoagizwa. Hakika aliona mashavu ya mwigizaji yameloa. Alijiuliza kama pumzi inaweza kuumiza kiasi hicho.

Mchezo ulirushwa Jumapili iliyofuata, baada ya taarifa ya habari ya mchana. Mama, aliyekuwa mpiga pasi kwenye hoteli moja, aliomba ruhusa siku hiyo. Walisikiliza sebuleni, wao wawili. Mabasi yalipita, kondakta akauliza, mama wa mchezoni akasema hapana. Ikaja korido. Hakika aliinama karibu na spika. Gurudumu lilikuwa lenyewe, bomba lenyewe. Ila yule binti aliyekaa katikati ya sauti hizo bado alikuwa mgeni kwake, na alipojaribu kumwona sura, haikuja.

Simu ya mama ililia kabla muziki wa mwisho haujaisha, ikalia tena na tena. Jirani mmoja alisema hakujua kumbe yeye ni mama wa namna hiyo, akakata. Mpiga pasi mwenzake alipiga kushukuru, akazungumza kwa muda mrefu, mama akiitikia tu, "Hata wewe? Hata wewe, dada?" Hakika alishindwa kujumlisha: mchezo mmoja, maneno yale yale, mmoja amekasirika na mwingine anashukuru.

Baadaye waliosha vyombo. Mama alisugua, Hakika akafuta. Alikuwa ameliweka swali lake tangu studio.

"Lipi?" akauliza.

"Lipi nini?"

"Basi. Lile ulilotaka kupanda."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya maji. "Lolote tu, mwanangu."

"Hakuna basi lolote. Kila basi lina njia yake."

Mama akamgeukia. Mdomo wake ulikuwa unacheka na macho yake yalikuwa yanamwaga machozi, vyote kwa wakati mmoja, na Hakika akashindwa kujua asadiki kipi. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama uso wowote. Kisha akanyoosha mkono apokee sahani.