Unyayo Unaomtosha Kila Mtu

Mtaalamu wa nyayo alikuwa barazani kwake Jumamosi alasiri, akikata kucha, mguu mmoja ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, wakati kipande cha saruji kilipoingia uani kwa mwendo wa kobe. Kilikuwa na alama ya mguu wa kulia na kibandiko cha mahakama ubavuni. Alikitambua. Kilikatwa kwenye sakafu mbichi nyuma ya duka la mshonaji lililoibiwa vyerehani, na yeye ndiye aliyekitolea ushahidi.

"Una mgeni," mkewe alisema dirishani.

"Nimemwona."

Saruji ilitulia kando ya karai. Jua lilikuwa zito na la manjano, la kumlaza mtu akiwa wima. Mtaalamu akautia mguu wake kwenye unyayo ule, ukaenea kisawasawa, kisigino hadi kidole gumba. Mkewe, ambaye kwa udogo wa miguu yake hununua viatu vya watoto, akajaribu naye, ukaenea. Jirani mwenye miguu mipana kama makafi akaomba zamu yake.

"Kinanikaa kuliko viatu vyangu vya harusi," alisema jirani, akabaki amesimama humo, macho ameyafumba.

Mahakamani walimwita mtaalamu Bwana Hapana Shaka, naye jina lilimkolea. Katika kesi ile alionyeshwa kandambili zilizookotwa mlangoni kwa mpaka rangi mmoja, mpangaji, akasema kandambili na unyayo ni vya mguu mmoja, hapana shaka. Mpaka rangi alifungwa miaka saba. Sasa mtaalamu aliona haya, zile haya zinazochoma masikio, na usiku hakupata usingizi.

Jumatatu alikwenda kwenye nyumba ya wapangaji, saruji ikimfuata nyuma na watu wakiipisha njia. Mke wa mpaka rangi alikuwa bombani akifua.

"Zile kandambili?" alisema. "Za msalani zile, baba. Tunazivaa nyumba nzima. Mume wangu tu ndiye asiyezivaa, mguu wake mrefu, zinamkata."

"Mbona hukusema mahakamani?"

"Nani aliniuliza?" Akakamua shati la mtoto, akaingiza mguu wenye povu kwenye unyayo. Ukaenea. Hakuutazama hata mara ya pili. "Sasa atarudi?"

Mtaalamu alisema atakwenda kuuliza.

Hakimu alimpokea ofisini, akavua kiatu na soksi, akasimama juu ya saruji. Feni ilizunguka polepole. Alionekana kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Kinanitosha," alisema.

"Kinamtosha kila mtu, Mheshimiwa. Nilikosea."

"Hukukosea. Niliuliza kama kinalingana na kandambili, ukasema hapana shaka. Kweli kinalingana. Sikuuliza kinawatosha wangapi." Akavaa soksi yake taratibu. "Rufaa ilikwishatupwa, na ilitupwa kwa maneno yako. Maji yakimwagika hayazoleki, mtaalamu."

Kilichobaki ni gereza. Askari wa zamu alikipekua kipande cha saruji, akajaribu mguu wake, akakiruhusu kiingie. Mpaka rangi aliletwa, amekonda, rangi ya ukuta wa mtu bado imemganda kwenye nyusi. Mtaalamu alimweleza yote bila kuficha, akamwomba radhi. Kisha akamwomba avue kiatu.

Mguu haukuingia. Vidole vyote vilibaki nje, juu ya ukingo, na mtaalamu akaviangalia hadi machozi yakamlengalenga. Katika mji mzima, huo ndio mguu pekee uliokataa.

"Kwa hiyo naenda nyumbani?" aliuliza mpaka rangi.

"Hapana, ndugu yangu. Hukumu inasema unyayo ni wako."

Mpaka rangi aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kupenda kusumbua watu. Akauvuta mguu nyuma kidogo, akakunja vidole kimoja baada ya kingine, akabana meno, akakandamiza.

"Na hivi?"

Askari aliinama kutazama.

"Hapo sawa," alisema. "Umeingia."