Kozi ya Mnara

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi chuoni kuchukua kozi, na kozi mwenyewe akanifungulia mlango.

Nieleze kwanza kwa asiyenijua. Mimi ni Mwajabu, nasomea ufundi wa minara ya simu hapa Singida, mji ambao upepo wake haukufundwa. Wiki iliyopita nilipanda mnara wa mazoezi, nikafika katikati, nikakwama. Miguu ilikataa juu, ikakataa na chini. Mwalimu Kabogo alinifuata, akaniteremsha nimefungwa kamba kama mzigo wa kuni, halafu akasema Ijumaa nitapanda tena, na nikikwama basi nitafute kazi ya kukaa. Ijumaa ndiyo leo. Nililala nimekasirika, nimeapa kwamba nitafika juu hata kama ni kwa meno.

Basi nimesimama mlangoni. Kozi ni ndege mdogo wa mawindo, mgongo rangi ya matofali wenye madoa meusi, macho yamezungushiwa manjano. Amerudi kukaa kwenye kiti cha mwalimu.

"Shikamoo," nikasema, maana kiti ni kiti.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kuchukua kozi."

"Haya, nichukue."

Nikamchukua. Ni mwepesi kuliko kikombe cha chai. Akapanda begani, akauliza kama mimi ni kipanga. Nikamwambia hapana, darasani mimi ni wa kawaida tu.

"Afadhali," akasema. "Vipanga nawajua. Miili mikubwa, maneno mengi."

Kufumba na kufumbua, darasa limekuwa mnara na mimi niko katikati yake, palepale nilipokwama. Mnara ukakohoa.

"Wewe tena," ukasema. "Safari hii usinikumbatie vile. Watu watadhani tumechumbiana."

Juu yetu kuna kiota cha vijiti na vipande vya nyaya. Kunguru akachomoza humo, amejifunga khanga ya mama yangu mdogo Sikujua, ambaye ndiye ninayeishi kwake, na sauti ni yake kabisa.

"Mwajabu mwanangu, shuka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

Akauchomoa ubawa mmoja, akaubana kwapani, akaanza kukimbia nao kuuzunguka mnara. Hakufika popote, ila ubawa ulikuwa salama.

"Hicho kiota kajenga yeye," kozi akaninong'oneza. "Sisi hatujengi. Tunaingia palipohamwa, tunaingia kwenye pango la mwamba, kwenye dirisha la kanisa, popote. Ndiyo maana tumeenea nchi nyingi. Tungesubiri kila mtu awe na kwake, mpaka leo tungekuwa kwenye yai."

"Mimi nataka kufika juu tu."

"Una njaa?"

"Ya kufika juu, ninayo."

"Basi unajua wanavyosema: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Mwenye kucha akilala njaa, ametaka mwenyewe."

Hapohapo tumbo likaanza kuniunguruma, na kila kipandio cha mnara kikanukia panya wa kuchoma. Nikakumbuka kiapo changu. Nikaking'ata cha kwanza, nikajivuta. Nikaking'ata cha pili.

"Taratibu," mnara ukasema. "Unanitekenya."

Nikatazama chini, kosa lilelile la wiki iliyopita. Ila sasa naona anavyoona kozi. Mashamba ya alizeti yamejaa mistari inayong'aa, rangi ambayo haina jina.

"Nini ile?"

"Mkojo wa panya. Kila anakopita anaacha alama. Nyinyi hamuioni, sisi tunaifuata mpaka mlangoni kwake."

"Na ule pale?" Kwenye chuma nilichotoka kukikumbatia palikuwa na mng'ao mkubwa, wa zamani.

"Ule wa Mwalimu Kabogo. Siku yake ya kwanza."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Kisha nikapanda kipandio kingine bila kuambiwa.

Ndipo upepo ukaja, wa Singida wenyewe. Mnara unayumba. Magoti yanatetemeka, mbavu zinatetemeka, hata kamba inatetemeka. Kozi anaruka kutoka begani, anasimama hewani mbele ya pua yangu, anaukabili upepo. Mabawa yanapiga, mkia umefunguka, mwili mzima unahangaika. Kichwa kimetulia kama msumari ukutani.

"Mwili una ruhusa ya kuogopa," anasema. "Kichwa hakina."

"Nitawezaje?"

"Chagua kitu kimoja ukitazame. Mengine yaache yatetemeke yenyewe."

Nikachagua taa nyekundu ya kileleni. Kunguru anapita mbio na ubawa wake, analia, "Ukianguka, dada yangu nitamwambia nini?" Roho iliniuma sana, maana hilo anauliza kwa mapenzi. Lakini sikugeuka. Nikang'ata, nikajivuta, nikang'ata, mpaka taa ikawa mbele ya uso wangu. Nikanyoosha mkono.

Nikaamka. Mama mdogo Sikujua amenishika bega, ananitikisa.

"Mwajabu, upepo umeamka vibaya leo. Usiende, mwanangu. Mtumie mwalimu ujumbe unaumwa."

Alikuwa akitikisa kweli, kitanda kinalia. Ghafla akaacha.

"Mwajabu."

"Abee, mama."

"Mbona kichwa hakitikisiki?"

Nikamwambia ajaribu tena. Akanikamata mabega yote mawili, akanitikisa kwa nguvu zake zote. Mabega yalikwenda ukutani yakarudi, mikono ikapepesuka. Kichwa kilibaki palepale, juu ya mto, kikimtazama.

Aliniachia polepole. Akainama uvunguni, akaanza kunitafutia buti zangu.